Ahadi kwa Mtoto ni Deni

Wazee na vijana wetu, hapa Wawi tuna mwanafunzi apendaye mno magari ya moshi, ilhali Pemba hakuna reli. Hata ile ya Unguja iliyokuwa ikienda Bububu, iliyoanza mwaka 1905, imekwisha kung'olewa zamani.

Baba yake alimwahidi kwamba akihifadhi juzuu ya Amma, siku atakapotimiza miaka 12 watakwenda kulipanda gari hilo bara. Mtoto akahifadhi. Kipupwe cha mwaka 2025 kilipofika, bahari ikachafuka kwa kusi, na baba akataka kumnunulia keki yaishe. Tukamwambia: "Bwana, deni la safari halilipwi kwa keki."

Wakangoja bahari itulie, wakavuka hadi Dar es Salaam, wakapanda treni ya Morogoro iliyoanza kuchukua abiria mwezi Juni 2024. Mtoto alirejea akicheka: treni ile ni ya umeme, haina moshi!

Mtume (S.A.W.) alimwonya mama aliyemwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu, kwamba asingempa, angeandikiwa uongo. Basi wazee wenzetu, tusiahidi tusilokusudia kulitimiza. Wabillahi tawfiq.