Mali Bila Daftari

Aghalabu mtafiti wa Kiswahili arudipo kutoka nyanjani, tuseme Gongoni, huja na hazina ya maneno ya wavuvi na ya mashamba ya chumvi. Huyachagua machache kwa ajili ya tasnifu, yaliyosalia hupotea. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tukumbuke kuwa mashairi ya Muyaka yalikusanywa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, akishirikiana na W. E. Taylor, katika karne ya 19. Lau karatasi zile zisingehifadhiwa, Hichens asingepata cha kuchapisha mwaka 1940.

Napendekeza basi tuweke kumbukumbu zetu katika faili za maandishi matupu: wazo moja, faili moja, na ndani yake majina ya faili zinazohusiana nalo. Faili ya “munyu” ielekeze kwenye “chumvi”, nayo kwenye ubeti ulimotumika. Niklas Luhmann wa Ujerumani aliunganisha hivyo kadi zipatazo 90,000 kwa namba na herufi. Programu huja na kupita; maandishi matupu husomeka katika kompyuta yoyote, hata pasipo intaneti.

Wazee wetu wanaondoka. Tusipoandika na kuunganisha leo, kesho tutamwuliza nani?