Kwaresima Inakuja, Dada Yuko Jikoni

Kama wewe ni Mkatoliki wa Arusha, iwe unasali Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia pale mjini au kigango cha kule juu kuelekea Mlima Meru, najua mnavyojiandaa kwa Kwaresima. Mnajiandaa kama watu wenye harusi. Kamati inakaa, ratiba ya Njia ya Msalaba inagawiwa, bahasha zinafika, wanakwaya wanaweka kando nyimbo za shangwe. Wengine Jumanne wanaiaga bia kana kwamba inasafiri kwenda Ulaya, wanaiaga mpaka saa nane za usiku, na kesho yake wako kwenye foleni ya majivu, macho mekundu! Ijumaa tunaacha nyama, tunanunua samaki wa bei kuliko hiyo nyama, halafu tunajipongeza eti tumejinyima.

Sina ugomvi na bahasha wala ratiba. Parokia haiendeshwi kwa upepo. Ugomvi wangu ni na neno moja tunalolitamka kila dakika: jumuiya. Tunasema tunajiandaa kiroho kama jumuiya. Sawa. Jumuiya ya nani na nani?

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Majirani wakutane nyumbani kwa mmoja wao, wasome Neno, wajuane nani anaumwa, nani kafiwa, nani kalala njaa. Wazo zuri kabisa. Sasa hebu nenda Njiro, Sakina, Kijenge au hata Tengeru, siku ambayo zamu ni ya nyumba yenye uwezo kidogo. Viti vimepangwa, Biblia zimefunguliwa. Nani kapanga viti? Nani kachemsha chai? Ni yule binti aliyeletwa kutoka Singida, au Kondoa, au Mbulu. Tunamwita dada, jina tamu kweli, halafu dada anapitisha sinia, anarudi jikoni, mlango unafungwa. Ndipo tunaanza kusali. Mara nyingi naye kabatizwa, ana jina la mtakatifu kama wewe. Ila kwenye daftari la jumuiya hayumo, na akiugua hakuna jirani anayeambiwa.

"Ah, si ana kazi huyo," mtaniambia. Ndiyo, kazi zenu.

Nyinyi wenyewe sikilizeni masomo. Jumatano ya Majivu anasomwa nabii Yoeli. Anataka baragumu lipigwe na watu wote waitwe kwenye mfungo: wazee, watoto, hata wanaonyonya, hata bwana na bibi harusi watoke chumbani mwao. Yaani fungate haikuwa udhuru! Katika orodha ile sijaona mtu aliyeruhusiwa kubaki jikoni. Siku mbili baadaye, Ijumaa, anafuata Isaya, sura ya 58, na huyu hana simile. Anawaambia watu kwamba mfungo wao haufiki popote, kwa sababu siku hiyohiyo ya kufunga wanawakandamiza wafanyakazi wao. Wafanyakazi, jamani! Somo hili linarudi kila mwaka, lakini Ijumaa ni siku ya kazi, wengi tuko maofisini au soko la Kilombero, basi linapita kimya kimya.

Sheria ya Kanisa ya kufunga chakula inawadai waliotimiza miaka 18 mpaka wanapofikisha 59, tena kwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mshahara wa mtu hauna msimu. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Gawanya kwa siku thelathini, unapata elfu mbili. Na bado ziko nyumba za rozari kila jioni zisizofikisha hata hiyo, au zinazosema "nakutunzia". Inatunzwa, inatunzwa, mpaka binti anachoka, anapanda basi la kwao mikono mitupu. Kisha mama mwenye nyumba anaacha kula chokoleti siku arobaini.

Vijana wenzangu, msicheke wazazi. Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wetu wa mwaka 2018 uligusa siasa, vyama na vyombo vya habari, ukatoka kanisani ukaingia magazetini. Ni raha kusikia askofu akiikemea serikali. Dodoma iko mbali. Jikoni ni hatua sita, na wewe shati hilo ulilovaa hujalifua wewe.

Na sisi tunaojiita waandishi ndio kabisa. Katika hadithi zetu hausigeli ana kazi mbili tu, kuiba au kumpindua mama mwenye nyumba. Hana mama yake, hana barua anayoisubiri, hana hata jina la ukoo.

Jimbo letu hili lina parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, pale Olasiti. Ndiyo ile iliyolipuliwa bomu tarehe 5 Mei 2013, siku ya kuzinduliwa kwake, balozi wa Papa akiwapo. Watu watatu walifariki na wengi wakajeruhiwa. Bomu lile halikuuliza nani mwenye gari na nani kabeba mtoto wa bosi wake. Jina la Mfanyakazi tumeliandika mlangoni mwa kanisa, tukalia juu ya kizingiti chake. Iweje nyumbani tumfungie mlango?

Najua jibu la wazee: akikaa na sisi atasikia siri za watu. Siri gani? Anafua mashuka yenu!

Mimi nasema hivi. Kabla ya Jumatano ya Majivu tunarudisha kanisani matawi ya mitende ya mwaka jana ili yachomwe. Wiki hiyohiyo kila nyumba itoe na mshahara uliolala, mkononi mwa mwenyewe, bila hotuba. Chupa ya chai iwekwe katikati, kila mtu ajimiminie. Dada aandikwe kwenye daftari, akae kitini, na akipenda asome yeye hiyo Isaya 58. Asiyetaka asilazimishwe. Na kama ni Mlutheri, maana huku Meru ndio wengi, apewe Jumapili yake aende KKKT kwa amani, si aambiwe kwanza amalize vyombo.

Mwenye kunipinga aandike. Ukurasa upo.