Kuusoma mchoro si kipaji cha kuzaliwa

Mwalimu wa uchoraji wa kiufundi anapochora mchemraba ubaoni kwa njia ya isometri, huchora mistari tisa: mitatu iliyosimama wima, mitatu inayopanda kuelekea kulia kwa nyuzi 30, na mitatu inayopanda kuelekea kushoto kwa nyuzi hizo hizo. Mwanafunzi mmoja hutazama akaona sanduku. Mwenziwe aliyeketi ubavuni pake huona umbo bapa la pande sita lililogawanywa vipande vitatu. Aghalabu huyu wa pili huambiwa kwamba hana kipaji cha kuchora, na jambo likaishia hapo. Lakini yeye ndiye aliyekitaja kilichopo ubaoni. Sanduku halipo, lililopo ni mapatano baina ya mchoraji na msomaji, kama herufi zilivyo mapatano, na si haki kumlaumu mtu kwa mapatano ambayo hakuelezwa.

Yafaa basi mapatano hayo yaelezwe. Isometri ni tawi moja la michoro iitwayo aksonometri, yaani michoro inayoonyesha urefu, upana na kimo cha kitu katika sura moja, huku mistari iliyo sambamba ikibaki sambamba. Jicho la binadamu halioni hivyo. Reli huonekana zikikaribiana kadiri zinavyokwenda mbali, na mchoraji wa picha hulifuata jicho. Mchoraji wa mashine hulikataa jicho kwa makusudi: upande wa mbali huupa urefu ule ule wa upande wa karibu, ili fundi aweke rula juu ya mhimili wowote kati ya mitatu na kupata kipimo cha kukatia mbao au chuma. Ikiwa mihimili yote mitatu ina kipimo kimoja, mchoro ni wa isometri. Ikiwa miwili tu inalingana, ni wa dimetri. Ikiwa kila mmoja una kipimo chake, ni wa trimetri. Kwa hesabu kamili, ubavu wa milimita 100 katika isometri ungechorwa milimita 82 hivi, lakini kwa kuwa pande zote hupungua kwa kiasi kimoja, mafundi huchora 100 bila kujisumbua.

Faida hiyo ina gharama. Duara hugeuka duaradufu, na mstari usiofuata mhimili haupimiki kwa rula. Chukua uso mmoja wa mchemraba uchore mistari miwili kutoka kona hadi kona: katika mti imelingana, katika mchoro mmoja ni mrefu karibu mara 1.7 ya mwingine. Hata wataalamu hupotoshwa. Mwaka 1832 Louis Albert Necker, mtaalamu wa fuwele wa Uswisi, aliandika kwamba michoro ya fuwele aliyokuwa akiitazama iligeuka machoni pake, mbele ikawa nyuma.

Na mapatano haya yana tarehe. William Farish, profesa wa Cambridge, Uingereza, alikuwa akifundisha juu ya mashine za viwanda akitumia vielelezo vilivyoundwa kwa magurudumu, vyuma na vibanio ambavyo viliunganishwa na kufunguliwa upya kwa kila mhadhara. Wasaidizi wake walipaswa kuviunganisha kabla hajafika, na michoro ya kawaida haikuwatosha. Kwa haja hiyo alieleza kanuni za isometri katika makala iliyochapishwa mwaka 1822. Asili ya isometri ya Farish, kwa maneno mengine, ni shida ya msaidizi wa karakana. (Kuchora kwa mistari sambamba hakukuwa mali ya Ulaya peke yake, wachoraji wa China waliyachora majumba yao hivyo karne nyingi kabla yake.)

Historia hiyo haina budi kukumbukwa pindi utafiti wa William Hudson unapotajwa. Mwaka 1960, akiwa Afrika Kusini, Hudson alichapisha matokeo ya jaribio lake la picha: mwindaji ameshika mkuki, paa yu karibu, tembo mdogo yuko mbali juu ya kilima, na mkuki umeelekea kwa wote wawili. Aliyesema kwamba mwindaji anamlenga tembo alihesabiwa kuwa haoni kina. Wengi waliojibu hivyo walikuwa Waafrika ambao hawakupata shule. Mtu mwenye kasumba angeweza kuridhika hapo.

Lakini Jan Deregowski aliuliza swali hilo kwa njia nyingine nchini Zambia, akachapisha matokeo mwaka 1968. Hakuwauliza watu wanaona nini. Aliwapa vijiti na udongo wa kufinyangia, akawaonyesha mchoro wa umbo, akawataka waliunde. Walioliunda umbo lenye kina walikuwa wengi kuliko walioonyesha kuona kina mbele ya picha za Hudson. Mikono ilijibu kile ambacho swali la mdomo lilishindwa kukipata. Tofauti hii ni kubwa, nayo yamhusu mwalimu kuliko inavyomhusu mtafiti, kwa sababu inaonyesha kwamba hukumu ya kuwa fulani haoni yaweza kutokana na namna alivyoulizwa.

Itasemwa kwamba vipindi havitoshi, na kwamba siku hizi kompyuta huchora isometri kwa kubonyeza kitufe. Ni kweli, huchora. Haimsomei fundi wa mabomba karatasi aliyopewa kiwandani, na bomba lililokatwa kwa kufuata mstari usiopimika halirefushwi kwa kubonyeza. Kinachohitajika shuleni ni kidogo. Mchemraba wa muhogo uliochongwa kwa kisu huweza kushikwa mbele ya jicho moja hadi kona ya karibu ifunike kabisa kona ya nyuma yake; hapo mwanafunzi ataiona ile sura ya pande sita ikitoka katika kitu chenyewe, na atajua mistari tisa ilikotoka. Kisha mwalimu akate pengo katika kona moja, darasa lichore. Kipindi kinachofuata mambo yageuzwe: mchoro uwe ubaoni, muhogo na kisu viwe mikononi mwa yule aliyeambiwa hana kipaji, na kazi yake ipimwe kwa rula.