Picha ya Ukara iliyonifunza kazi

 

Juzi kijana mmoja anayesomea uandishi wa habari alinifuata hapa Kisesa. "Kaka, nifundishe kublogu." Nikamuuliza anataka kujua nini hasa. Akasema: kufungua blogu, kuweka picha na kupata wasomaji wengi. Hayo tuliyamaliza kwenye simu kabla chai haijapoa. Hata Issa Michuzi alipoanza blogu yake kule Helsinki mwaka 2005, alielekezwa na Ndesanjo Macha, aliyekuwa tayari na Jikomboe. Kubonyeza vitufe mtu anafundishwa siku moja. Lililobaki mimi nililijua kwa aibu.

Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilichotakiwa kubeba abiria 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya hao mara mbili, na hesabu ya mwisho ya waliokufa ilikuwa 228. Usiku ule simu zetu zilijaa picha. Nikachukua moja ya miili iliyolazwa ufukweni, nikaibandika Facebook na maneno matatu: "Ukara sasa hivi". Nilikuwa bado mwanafunzi, nataka nionekane wa kwanza.

Asubuhi mama mmoja jirani, muuza dagaa, akaja na simu ya mwanaye mkononi. "Mwanangu, wewe ndiye umeweka hii. Huyu mwenye shati la bluu si mdogo wangu?" Mdogo wake alikuwa anaishi Ukara na simu yake haikupatikana. Nyumbani kwao walishaanza kulia.

Mdogo wake alikuwa mzima, hakupanda kivuko siku ile. Na picha haikuwa ya Ukara. Nilipoitafuta mtandaoni nikaikuta kwenye habari ya ajali ya nchi nyingine kabisa, ya miaka ya nyuma. Kazi ya dakika mbili, ambayo ningeweza kuifanya kabla.

Nilifanya nini? Nikaifuta kimyakimya. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko la kwanza, maana walioichukua kwangu waliendelea kuisambaza wakidhani ni ya kweli. Nilipaswa kuiacha habari palepale na kuandika juu yake: nimekosea, picha si ya Ukara, nimeitoa WhatsApp bila kuuliza. Wanahabari tunaona haya kusema hivyo. Gazeti likikosea, linaomba radhi kesho yake kwenye kona isiyosomwa na mtu. Mtandaoni unaweza kusahihisha palepale ulipokosea, na hiyo ni nafasi ambayo wengi wetu hatuitumii.

Kila nikipanda daladala kwenda mjini napita Igoma, walikozikwa wengi wa MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996. Enzi hizo ndugu walikaa kwenye redio wakisubiri. Kusubiri kulikuwa mateso, najua. Lakini kuona maiti ya mtu baki ukaambiwa ni wako ni mateso mengine, na haya tunayasababisha sisi.

Serikali nayo siiachi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni, na kwa mwaka wa kwanza gharama ilifika shilingi milioni 2.1. Kijana wa Magu azitoe wapi? Wengi walifunga. Juni mwaka huohuo hata JamiiForums ilisimama kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa, ila kivuko kilipozama miezi mitatu baadaye, wenye majina yao mtandaoni walikuwa wamepungua, na uwanja ukabaki kwa sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe. Ukimfungia anayeandika kwa jina lake, asiye na jina hafungiki.

Kijana wangu nimempa zoezi: bei ya dagaa sokoni Kisesa, picha apige mwenyewe. Jana ameniletea. Picha nzuri, bei sahihi, jina la muuzaji amelikosea. Nimemwambia arudi sokoni akamuulize.