Kabla Hujambebea Farasi Gunia la Pumba

Iwapo umewahi kumpeleka mtoto kutazama mbio za farasi kule Ngong Road, bila shaka ulirudi nyumbani na ombi: "Baba, tununue wetu." Jirani yangu mmoja wa viungani mwa jiji alishindwa kulikataa. Alinunua farasi aliyestaafu mbio, akamweka katika uwanja wa nyasi za kikuyu, na kila jioni wanawe wakampelekea ndoo ya pumba za ngano. Kwa upendo, naam! Baada ya miezi kadhaa mnyama akaanza kuchechemea, leo mguu huu, kesho ule. Kisha mifupa ya uso ikafura pande zote mbili za pua.

Daktari wa mifugo alipofika hakuuliza mengi. Aliitazama ile ndoo.

Pumba zina fosforasi tele na kalsiamu haba. Nyasi za kikuyu nazo, hata zikiwa mbichi na za kupendeza, zina oksaleti, kemikali inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Mwili ukiikosa huichukua mifupani, na mifupa ya uso hulainika na kufura. Zamani huko Ulaya maradhi haya yaliwapata sana farasi wa wasagaji nafaka, maana pale kinuni pumba hazikununuliwa.

Kwa hivyo, ukitaka kumlisha farasi, anza na nyasi wala si gunia. Farasi wa kilo 400 huhitaji kama kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, tena kidogo kidogo, kwani tumbo lake ni dogo na nyasi husagika hasa katika utumbo mpana. Boma rhodes iliyokaushwa vyema, isiyo na vumbi wala ukungu, ni msingi mwema kwa farasi asiye na kazi nzito. Mwongezee alfalfa kidogo kwa ajili ya kalsiamu, jiwe la chumvi la kulamba, na maji safi wakati wote. Nafaka ni ya farasi wa kazi, na ipimwe kwa mizani, si kwa huruma. Farasi hawezi kutapika. Akivimbiwa, msokoto wa tumbo waweza kumuua usiku huo huo.

Sasa twende dukani. Muuzaji akikuambia kwamba chakula cha ng'ombe au cha kuku kinamfaa pia farasi, shika njia yako. Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa monensini, dawa ambayo kiasi kidogo tu, kisichomdhuru ng'ombe, huuharibu moyo wa farasi.

Na yale mahindi yaliyoota kuvu ghalani, ambayo sisi Wakenya husema "wapewe wanyama"? Hapa namsemesha pia mwenye punda wa kuchota maji. Kuvu hao waweza kutoa sumu iitwayo fumonisini, inayoozesha ubongo wa farasi na punda. Mnyama huzunguka, hugonga ukuta kwa kichwa, na huweza kufa katika muda wa siku chache. Tiba hakuna. Yatupe.

Farasi wa jirani hachechemei tena. Uso haukurudi ulivyokuwa, na watoto wamembandika jina ambalo sitaliandika hapa. Ile ndoo siku hizi hutekewa maji.