Tandiko la nyoka ni nchi yake

KIBARAZANI na Mwanasiti Kombo

Mtoto wa kaka yangu anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Mwezi uliopita alinipigia simu ya video anionyeshe nyoka aliyemnunua. "Shangazi, huyu ni wa kwetu," akaniambia, na hakukosea. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita boa wa mchanga wa Kenya, na nchi yake huanzia kaskazini mwa Tanzania, ikapita Kenya na Somalia hadi Misri, na magharibi ikafika Niger. Ni nyoka mfupi, mnene, asiye na sumu. Hata jike aliyekomaa hafiki mita moja. Huyu wa Columbus alizaliwa kizimbani na hajawahi kuona Afrika, lakini mwili wake ni wa mchangani bado. Macho na pua vimepanda juu ya kichwa, ili kiwiliwili chote kifukiwe na kichwa kichungulie, kikimngoja panya apite.

Mimi macho yangu yalikwenda kwenye alicholalia. Yalikuwa maranda mekundu ya mwerezi. Kijana aliuziwa dukani pamoja na sanduku la kioo, akaambiwa yananukia vizuri na yanafunika harufu ya kinyesi. Nikamwambia ayatoe siku ile ile.

Harufu hiyo ndiyo ubaya wenyewe. Mwerezi una mafuta na kemikali za jamii ya fenoli zinazofukuza wadudu, na ndiyo maana watu hupenda kuuwekea nguo. Ndani ya sanduku lililofunikwa na kupashwa joto, mvuke wa mafuta hayo hauna pa kwenda. Unaingia kifuani mwa mnyama anayeishi pua ikiwa imegusa maranda usiku na mchana, ukamchoma njia za hewa. Maranda ya msonobari ambayo hayakukaushwa kwa moto nayo si ya kuaminiwa. Wamarekani wana mti uitwao aspeni, ambao maranda yake hayana mafuta hayo. Yanamfaa sana nyoka wao wa mahindi wa kusini mashariki mwa nchi, mradi yabaki makavu. Yakiloa huota ukungu, jambo ambalo mfuga kuku yeyote wa kwetu analijua kutoka bandani mwake.

Watu huuliza tandiko lipi ni bora, kana kwamba wanachagua zulia la sebuleni. Mimi nauliza kwanza, nyoka huyu katoka ardhi gani? Maana nyoka anaishi na ardhi kuliko sisi tunavyoishi nayo. Hana tundu la sikio. Sikio la ndani analo, limeungana na taya kwa kijifupa, na mtikisiko wa ardhi hupanda kupitia tayani hadi humo. Ulimi wake huokota harufu ukaipeleka kwenye kiungo maalumu kilichoko kaakaani. Tumbo lake hupokea joto na baridi, nalo ndilo mguu wake. Sakafu kwake ni barabara, ni blanketi, na ni njia ya habari. Ukimlaza juu ya kigae kitupu umemnyang'anya vyote hivyo kwa pamoja.

Chukueni mfano wa chatu wa kifalme wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Ghana, Togo na Benin zimemuuza nje kwa wingi, na leo yumo katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Kwao anashinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, ambamo hewa ina unyevu hata nje kukiwa kukavu. Mweke penye ukavu, gamba litamtoka vipandevipande badala ya kuvuka lote kama soksi, na utando wa jicho utabaki umeganda. Lowesha mno, na magamba ya tumbo yataoza. Kipimo cha wafugaji ni kiganja: ukifumbata tandiko lishikane, lakini maji yasichuruzike.

Kwa huyo hakuna kitu kizuri kuliko makumbi ya nazi. Nikisema hivi namkumbuka bibi yangu kule Jambiani. Aliyafukia makumbi pwani, kwenye tope ambalo maji hujaa na kupwa, akayakandamiza kwa mawe na kuyaacha kwa miezi. Yalipofukuliwa yalipondwa kwa gongo hadi nyuzi zikatoka, akasokota kamba. Chengachenga zilizobaki hazikuwa na thamani kwa mtu. Leo India na Sri Lanka zinazishindilia ziwe matofali na kuyauza dunia nzima. Tofali la gramu 650 likitiwa maji hufura hadi lita 7 au 8. Makumbi yaliyolowekwa baharini sharti yaoshwe vizuri kwa maji matamu, kwani hubaki na chumvi. Minazi yetu imejaa pwani nzima, na makumbi tunayachoma.

Karatasi za gazeti zina kazi yake: kwa nyoka mgonjwa au mgeni, ili utitiri na kinyesi vionekane mapema. Kumweka juu yake maisha yote ni kumrahisishia mfugaji tu.

Siandiki ili mtu wa hapa akamate nyoka porini. Kenya inadai kibali kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania ilisimamisha kupeleka nje wanyamapori hai mwaka 2016. Naandika pia kwa ajili ya bustani zetu za nyoka. Katika moja niliyoitembelea, chatu alikuwa juu ya saruji tupu, tumbo limechubuka, na watoto wa shule wakimgongea kioo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba saruji ni rahisi kuosha. Sisi tunaolipa kiingilio tuendelee kuuliza.

Kijana wa Columbus amefuata ushauri. Ametia mchanga laini uliochanganywa na udongo mkavu, kina cha sentimita 12, upande mmoja ukipata joto. Mchanga wa rangi uliotengenezwa kwa kalisi nilimkataza, maana ukimezwa huganda tumboni. Juzi akanitumia picha ya sanduku ambalo mtu angedhani halina kitu. "Shangazi, sasa simwoni," akalalamika. Nikamwambia azime taa, akae kimya, angoje. Saa nne usiku kwao ikaja picha nyingine: mchanga mtupu, na katikati yake vitone viwili vyeusi vinachungulia.