Raga na Sahani ya Wakubwa

Wenzangu, najua baadhi yenu mtaguna. Jarida la mashairi na hadithi fupi, halafu huyu anatuletea habari za raga! Mchezo wenyewe, mtasema, ni wa watoto wa shule za mabweni na wazee wa klabu za Ngong Road. Sawa, gunani. Mkimaliza nisikilizeni, maana jambo ninalotaka kulisema mnalijua vizuri hata kama hamjawahi kuushika ule mpira wa umbo la yai. Nazungumzia ugawaji. Nani anakula, na nani anaitwa kuosha vyombo.

Kila mwaka tunasikia kilio kilekile kutoka kwa wakubwa wa mchezo huu: ratiba imejaa mno, wachezaji wanachoka, wanaumia. Kilio hicho kina ukweli. Ligi kuu ya Ufaransa peke yake ina raundi 26 kabla hata ya mechi za mtoano. Juu yake weka kombe la klabu za Ulaya, weka mashindano ya mataifa sita Februari na Machi, weka ziara za Julai, weka mechi za Novemba. Mwaka 2025 fainali ya ligi hiyo ilichezwa Juni 28. Wiki moja baadaye Ufaransa ilikuwa uwanjani Dunedin ikipambana na New Zealand, na nyota wake wengi iliwaacha nyumbani. Afrika Kusini nayo tangu klabu zake zihamie mashindano ya Ulaya mwaka 2021 inacheza misimu miwili ndani ya mwaka mmoja: klabu kwa kalenda ya kaskazini, taifa kwa kalenda ya kusini. Mtu si trekta, jamani.

Na gharama yake tumeiona. Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia na England mwaka 2003, alijitokeza Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 42 akasema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kulitwaa kombe lenyewe. Hebu fikiri. Umefika kilele cha maisha yako, halafu kilele chenyewe kimefutika kichwani. Wachezaji wa zamani kadha wa kadha wamekwenda mahakamani kudai kwamba waliokuwa na mamlaka hawakuwalinda.

Basi ukisikia hivyo utadhani dunia nzima ya raga imevimbiwa mechi. Njoo huku kwetu uone. Timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 15 ina Kombe la Elgon na jirani zetu wa Uganda, ina Kombe la Afrika la siku chache, halafu miezi mingi ya kukaa. Hata Kombe la Afrika la mwaka 2022, lililokuwa njia ya kwenda Kombe la Dunia, lilichezwa wapi? Ufaransa! Marseille na Aix-en-Provence. Kombe la Afrika, ati, mashabiki wa Afrika walitazame kwenye runinga.

Novemba mwaka huohuo Kenya ikaenda Dubai kutafuta tiketi ya mwisho. Ureno wakaichapa 85-0. Mitaani tulichekwa mpaka basi. Miezi 11 baadaye, Oktoba 2023 mjini Toulouse, Ureno hao hao wakaifunga Fiji 24-23 katika Kombe la Dunia, Fiji ambayo ilikuwa imekwisha kuifunga Australia. Ureno walikunywa dawa gani? Hawakunywa dawa. Kila mwaka wana mashindano ya Ulaya ya daraja la pili, wanakutana na Georgia, Romania na Uhispania, na wachezaji wao wengi wanakula mshahara katika klabu za Ufaransa. Wanacheza. Asiyecheza hajui kucheza, hilo halihitaji profesa.

Hapa ndipo ninapokataa lugha ya wakubwa. Wanasema kuna tatizo moja, la ratiba kujaa. Mimi naona sahani moja iliyopakuliwa vibaya: huku mtu anakula mpaka anatapika, kule mwenzake analamba kidole. Na aliyeshika mwiko ni mmoja.

Mwenye mwiko ni nani? Tazameni kura. Mwenyekiti wa World Rugby alipochaguliwa mwaka 2020, kura zote zilikuwa 51. Vyama 10 vya mataifa makubwa vilikuwa na kura 3 kila kimoja, yaani 30. Chama cha bara zima la Afrika kilikuwa na 2. Bill Beaumont wa England akamshinda Agustín Pichot wa Argentina 28 kwa 23. Huyo Pichot ndiye aliyekuwa akishikilia mpango wa ligi ya mataifa yenye kupanda na kushuka daraja, mpango uliokufa mwaka 2019 kwa sababu baadhi ya mataifa ya Ulaya yaliogopa kushuka. Novemba 2024 Abdelatif Benazzi, mzaliwa wa Morocco aliyeichezea Ufaransa, naye akakosa kiti kwa kura 2 tu: 27 kwa 25 za Brett Robinson wa Australia. Sisemi Pichot au Benazzi angetuletea pepo. Nasema ukihesabu kura kwa namna hiyo, mwenye nyumba hawezi kushindwa na mpangaji.

Na mpango ule uliokufa ukafufuliwa ukiwa umekatwa miguu. Oktoba 24, 2023, mjini Paris, siku 4 kabla ya fainali ya Kombe la Dunia, wakapitisha mashindano mapya ya mataifa 12 kuanzia mwaka 2026: sita ya Ulaya, manne ya kusini, pamoja na Japani na Fiji. Mechi 6 kwa kila timu, kisha wikendi ya fainali London. Chini yake daraja la pili la timu nyingine 12. Na kupanda daraja? Hakuna mpaka 2030. Yaani mlango umewekwa, umepakwa rangi nzuri, na ufunguo umefungiwa ndani. Halafu hao hao waliojiongezea mashindano watarudi kutulilia kwamba ratiba imejaa!

Wapo watakaonijibu kwamba wakubwa ndio wanaoleta pesa, na mwenye pesa ndiye mpangaji wa ngoma. Pesa gani? Mwaka 2021 mataifa sita yaliuza sehemu moja ya saba ya mashindano yao kwa kampuni ya uwekezaji kwa pauni hadi milioni 365. Na bado kati ya 2022 na 2023 klabu tatu za ligi kuu ya England, Worcester, Wasps na London Irish, zilianguka kwa madeni. Mechi nyingi hazikuwaokoa. Kubanana kileleni hakujamtajirisha hata aliyeko kileleni.

Wengine watasema wadogo wakiletwa watapigwa 85 kila Jumamosi, na nani atalipa kutazama? Hoja hii ina uzito, sitaipuuza. Lakini tazameni Argentina. Mwaka 2007 ilishika nafasi ya tatu duniani na bado haikuwa na mashindano ya kila mwaka. Ikapewa kiti pamoja na wakubwa wa kusini mwaka 2012. Ikafungwa, ikafungwa, ikajifunza, na mwaka 2020 ikaifunga New Zealand 25-15 kwa mara ya kwanza. Kiti kilitangulia, ushindi ukafuata.

Tena ushahidi mwingine tunao hapa nyumbani. Katika raga ya wachezaji saba Kenya ilikuwa na kiti chake, mashindano 10 kwa msimu, na mwaka 2016 huko Singapore vijana wa marehemu Benjamin Ayimba wakaifunga Fiji 30-7 kwenye fainali. Fiji! Damu ni ileile, chakula ni sukuma wiki ileile. Tofauti ilikuwa ratiba. Kisha viti vikapunguzwa kutoka 16 hadi 12, na Mei 2023 mjini London Kenya ikajikuta nje. Ilibidi ipiganie kurudi kupitia Madrid mwaka uliofuata.

Sasa nini kifanyike? Mimi nasema mambo matatu. Kwanza, kura zihesabiwe upya. Haiwezekani taifa moja liwe na sauti kubwa kuliko chama cha bara. Pili, kupanda na kushuka kuanze mara moja, na anayeogopa kushuka ajifunze kukaza mkanda kama wengine. Tatu, kila taifa kubwa lipunguziwe mechi za wao kwa wao, nusu ya wiki hizo wachezaji wapumzike, nusu waje Nairobi, Kampala, Harare na Windhoek. British Lions walipita Nairobi mwaka 1955 na tena 1962 wakirudi kutoka Afrika Kusini, enzi za ukoloni. Ndege siku hizi ni nyingi zaidi.

Na sisi tusikae tukinung'unika tu. Zimbabwe iliifunga Namibia 30-28 pale Kampala Julai 2025 ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027, mara ya kwanza tangu 1991. Timu 24 zinakwenda Australia, na za Afrika ni mbili tu. Vyama vyetu vikiendelea kugombania viti na posho badala ya kudai mechi, hata kura tukiongezewa zitauzwa.

Hayo ndiyo yangu. Atakayeniona nimekosea asinisubiri kwenye kituo cha matatu; achukue kalamu, aandike hapahapa.